Riyadh hadi Jeddah kwa Gari

Mwaka jana mume wangu alinitembelea kutoka Mombasa, tukaenda kwa gari kutoka Riyadh hadi Jeddah, takriban kilomita 950. Usukani nilishika mimi. Wanawake tumeruhusiwa tangu 2018. Tulilala Taif, chumba cha kawaida chenye baridi ya mlimani, asubuhi tukateremka kona za Al Hada polepole. Jeddah tulikula mutabbaq ya moto, ndugu wa mkate wa nyama wa kwetu. Mtaa wa Al-Balad, nyumba za mawe ya matumbawe na madirisha ya mbao zilimkumbusha Mji wa Kale. Akanyamaza, kisha akauliza, “Mkataba ukiisha, utarudi?” Sikuwa na jibu. Wapendwa, mkipata likizo safirini pamoja. Kuna maswali hayaulizwi kwenye simu.