Kilima Kidogo Si Udongo Tu

Kila siku twapita penye vilima vidogo: njiani toka Butembo kwenda Beni, kandokando ya mashamba, nyuma ya nyumba. Mmoja asema ni kichuguu, mwenziwe asema ni kaburi la watu wa kale. Yupi asema kweli? Tutazame kwanza, ndipo tutie jembe.

Kichuguu hujengwa na mchwa: udongo wake ni mgumu, wa namna moja, tena una vijia ndani. Jalala la kale lina majivu, vigae na mifupa ya wanyama. Huko Ntusi, Uganda, yako malundo mawili makubwa, moja huitwa la kiume, la pili la kike. Yalipochimbwa, ikaonekana ni takataka za wafuga ng'ombe wa zamani. Bali karibu na Nakuru, Kenya, Mary Leakey alichimba mwaka 1937 penye mawe yaliyorundikwa, akakuta wafu. Basi, alama ya kaburi ni mkono wa mtu: mawe yaliyoletwa na kupangwa, udongo uliochanganyika rangi, mti uliopandwa kwa makusudi.

Hata hivyo, pasipo kilima pia wamo wafu. Kule Ishango, Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950. Katika matabaka ya ardhi alikuta mifupa ya watu, vyusa vya kuvulia samaki, na ule mfupa mashuhuri wenye mikato iliyopangwa. Umri wake ni kama miaka 20,000.

Kwa nini twasema haya? Kwa sababu miji yetu inapanuka, na udongo wa vilima hutakiwa kwa matofali. Tena huko Beni, tangu mauaji yaliyoanza Oktoba 2014, wengi wamezikwa kwa haraka. Msalaba wa mti huoza, mvua husawazisha udongo. Atakayekuja na jembe atajuaje?

Tufanye basi mambo mawili. Tukikuta mfupa au mawe yaliyopangwa, tuache kuchimba, tuwaite wazee na chifu. Na wafu wetu wa leo tuwawekee jiwe, tuwapandie mti, tuandike majina yao katika daftari. Watu wa Ishango hatujui hata jina moja lao. Hawa wa kwetu twawajua bado.