Povu la Fourteen Falls

Ukitafuta mahali pa kuwapeleka watoto Jumapili, msomaji, shika njia ya Thika, uendelee na barabara ya Garissa, kisha upinde kulia kuelekea Ol Donyo Sabuk. Kabla hujaufikia mlima huo, ambao wengi huuita Kilimambogo, utausikia Mto Athi ukinguruma. Hapa mpakani mwa Machakos na Kiambu mto hugawanyika na kuporomoka miambani kwa mikondo mingi. Hayo ndiyo maporomoko ya Fourteen Falls.

Mandhari yanapendeza, lakini usiharakishe kuvua viatu. Litazame povu. Kabla ya kufika hapa, Athi umekwisha kuupokea Mto Nairobi pamoja na mzigo wake: maji taka ya mitaa, sabuni, uchafu wa viwanda na magereji. Kinachonuka utakikimbia mwenyewe. Cha kuogopwa ni kile kisichonuka wala kuonekana, yaani metali nzito kama vile risasi, kadimiamu na kromiamu.

Ukichemsha maji, vijidudu hufa, risasi haifi. Maji hupungua kwa mvuke, nayo risasi hubaki sufuriani ikikolea. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 0.01 katika lita moja, kwani huharibu ubongo wa mtoto. Si hadithi za ng'ambo hizi. Kule Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhuriwa na risasi ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3.

Sasa geuka utazame kingo za mashamba ya Machakos. Huko kuna mikonge, ile ambayo akina mama wa Kikamba husokota nyuzi zake wakasuka viondo. Nyuzi hizo kwa sehemu kubwa ni selulosi, polima ya asili, na wanasayansi wamegundua kwamba zikitengenezwa upya huweza kunasa metali. Njia mojawapo ni kuziloweka katika asidi ya sitriki, ile inayoifanya ndimu iwe chachu, kisha kuzikausha kwa joto kali. Asidi hugandamana na uzi na kuuachia vishikizo vyenye chaji hasi. Risasi iliyoyeyuka majini ina chaji chanya, ikipita, hushikwa. Magunzi ya mahindi nayo hufaa.

Usijaribu jambo hili jikoni kwako, tafadhali. Nyuzi zilizoshiba risasi zenyewe ni sumu, na ukizitupa shimoni umeihamisha tu. Huoshwa kwa asidi hafifu ili zitumike tena, na maji hayo ya kuoshea sharti yahifadhiwe na mtu anayejua kazi yake. Kwa maoni yangu, mahali pake ni kwenye bomba la kiwanda, kabla maji hayajaufikia mto.

Mkienda, ondokeni asubuhi, na maji ya kunywa mbebe kutoka nyumbani.