Mawazo Nayo Yanaumiza Mwili

Mwezi huu naomba tuongee juu ya maneno mawili ambayo tunayasikia sana kule zahanati: "Una mawazo." Wengi wetu tukiambiwa hivyo tunarudi nyumbani na hasira. Tunaona kama tumeitwa waongo, au kwamba tumeanza kuchanganyikiwa. Maneno hayo yalinipata na mimi, kwa hiyo naandika kitu ninachokijua.

Mwaka 2025, Goma ilipotekwa mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, mama yangu mzazi alikuwa Bukavu. Siku 11 simu yake haikupatikana. Redio ilikuwa inalala na kuamka pamoja na sisi. Wiki ya pili shingo yangu ikakaza kama nimebeba kuni kutwa nzima. Tumbo likawa linaharisha bila kula kitu kibaya. Saa nane ya usiku naamka, moyo unadunda mbio, mikono inatoka jasho. Mchana nasahau sufuria motoni, na watoto wakiniuliza kitu kidogo tu nawafokea. Nikapima malaria, hakuna. Nikapima choo, hakuna. Nikapewa vidonge vya maumivu, nikaambiwa nina mawazo, akaitwa mgonjwa anayefuata.

Mama alipatikana, yuko mzima, tunamshukuru Mungu. Lakini mwili wangu haukuisikia habari hiyo haraka. Shingo iliendelea kukaza zaidi ya mwezi mzima. Ndipo mama mmoja mhudumu wa afya, wale wanaotembea nyumba kwa nyumba, akakaa na mimi chini ya kibaraza akanieleza. Akasema, "Mama, mawazo hayakai kichwani peke yake. Mtu akiumwa na mawazo, anaumwa kweli."

Iko hivi. Mtu akiona hatari, ubongo unatuma habari mpaka kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Tezi hizo zinamwaga kemikali ndani ya damu. Moja inaitwa adrenalini, nyingine kotisoli. Moyo unaenda mbio ili kupeleka damu kwenye misuli. Pumzi inakuwa ya harakaharaka. Sukari inaongezeka kwenye damu iwe nguvu ya kukimbia. Misuli ya shingo, mabega na mgongo inakaza. Tumbo nalo linavurugika, maana wakati huo mwili haujali kusaga chakula. Kazi hiyo ndiyo iliyotuokoa siku zile za kukimbia. Kuna mama alitembea kutoka Fizi hadi ziwani, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, akavuka Tanganyika kwa mtumbwi, na uchovu hakuusikia mpaka alipokanyaga Kigoma. Nguvu ile ilitoka hapo.

Hatari ikipita, mwili unatakiwa upoe. Shida yetu hapa kambini ni kwamba hatari haina siku ya kwisha. Mtu hawezi kukimbia mgao wa chakula unapopunguzwa, kama tulivyoona mwaka 2023. Hawezi kupigana na kesi ya kwenda nchi ya tatu ambayo jibu lake halijulikani litatoka lini. Kwa hiyo moto unabaki unawaka pole pole, mwezi hadi mwezi. Ndiyo maana usingizi unapotea, kichwa kinauma, hedhi inabadilika tarehe, hamu ya kula inakwisha, mafua hayaponi upesi. Kwa upande wa roho, mtu anakuwa na hasira za karibu, anasahau, analia bila sababu, au anakaa kimya na hataki watu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika sehemu zilizopitia vita, karibu mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili. Wengine wengi wanasumbuka tu kwa kipindi, halafu wanapata nafuu. Kwa hiyo jirani akisema "niko na mawazo mingi", usimcheke. Na usimwite mwendawazimu.

Sasa, ndugu zangu, kuna upande wa pili. Si kila ugonjwa ni mawazo. Baba watoto ameniruhusu kuandika habari yake. Alikuwa anaumwa kichwa na mgongo, akawa ananunua vidonge vya maumivu dukani na kuvimeza kila siku. Tumbo likaanza kuwaka moto. Watu wakasema, "Mawazo yamemtoboa tumbo." Alipopimwa, akakutwa na bakteria wa vidonda vya tumbo, akapewa dawa za kuwaua na akakatazwa vile vidonge. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria hao. Vidonda vingi vinaletwa na wao, au na vidonge kama diklofenaki na aspirini. Mawazo yanaweza kuongeza maumivu, lakini mtu akisema "ni mawazo tu" na kukaa nyumbani, anaweza kutapika damu.

Presha ni hivyo hivyo. Hapa tunasema "presha imenipanda" tukimaanisha moyo unadunda. Kweli mawazo yanaipandisha kwa muda. Lakini ugonjwa wenyewe wa presha mara nyingi hauna dalili yoyote, unajulikana kwa kipimo tu. Ukipimwa siku tofauti na inakuja 140 kwa 90 au zaidi, huo ni ugonjwa wa kutibiwa. Ukipewa dawa usiziache eti kwa sababu siku hizi huna mawazo.

Na mama wanaonyonyesha wasidanganywe kwamba huzuni imekausha maziwa. Wasiwasi unaweza kuchelewesha maziwa kutoka, lakini mtoto akiendelea kunyonya yanakuja. Tafuta mahali penye utulivu, mweke mtoto kifuani, mpe muda.

Watoto nao wanabeba mizigo. Wiki zile za Bukavu, mtoto wetu wa miaka 8 alianza kukojoa kitandani, na alikuwa ameacha zamani. Hakuna aliyemwambia kitu, lakini alikuwa anasoma nyuso zetu. Usiku mmoja akaniuliza, "Mama, bibi amekufa?" Nikamwambia ukweli kwa maneno madogo: hatujui bado, tunampigia kila siku, tukijua utaambiwa. Baba yake hakumpiga, tulianika godoro tu. Akaendelea na shule na mpira kama kawaida, na baada ya wiki chache ikaisha. Mtoto anayekojoa, anayeumwa tumbo kila asubuhi ya shule, au anayemng'ang'ania mama, kwanza aulizwe kwa upole. Fimbo inaongeza hofu ile ile inayomkojoza.

Mambo gani yamenisaidia? Ni madogo, na hayana gharama. Usiku moyo ukidunda nakaa, nakanyaga chini miguu yote miwili, navuta pumzi nikihesabu mpaka 3, naitoa pole pole nikihesabu mpaka 6. Dakika 5 zinatosha moyo kutulia. Redio tunaisikiliza mara moja, jioni, na kabla ya kulala tunaizima. Nimeanza tena kutembea na wenzangu na kuchambua maharage pamoja. Tukiwa wengi maneno yanatoka yenyewe, hata kicheko kinatoka.

Msije mkadhani hayo ni maneno ya akina mama tu. Huko Uganda, kwenye kambi ya Rhino, karibu akina mama 700 wakimbizi wa Sudan Kusini walishiriki katika utafiti uliotangazwa mwaka 2020. Baadhi ya vijiji vilikutana kwa vikundi wiki 5, wakisikiliza mafunzo yaliyorekodiwa na kufanya mazoezi ya namna hii. Waliohudhuria walipungukiwa na uzito wa roho kuliko ambao hawakuhudhuria. Chakula hakikuongezeka na vita havikuisha, lakini waliweza kubeba siku zao.

Namalizia na hili. Maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi, choo cheusi kama lami, kutapika damu, kichwa kinachouma ghafla kupita kiasi: usisubiri, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Na kama mtu anaanza kusema heri kufa, msimwache peke yake. Kaeni naye, mpelekeni kwa mhudumu wa afya hata kama ni usiku. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Ukifika kule, usiseme tu "nina malaria". Sema na usingizi umepotea tangu lini, na ni habari gani iliyokufikia wiki ile. Ukiambiwa una mawazo, uliza: "Sawa, basi tunayatibu vipi?" Una haki ya kupata jibu.