Pikipiki Mpya Haina Haraka, Mkopo Ndio Una Haraka

Wasee, leo wacha niseme ukweli. Injini ya pikipiki yangu ya kwanza niliiua mimi mwenyewe, na hata miezi minne ilikuwa haijaisha.

Wanaonifuata wanajua niliacha chuo mwaka wa pili nikarudi hapa Kaptagat. Mama akauza mtamba wake, nikalipa dipoziti ya pikipiki ya cc 150. Kuanzia kesho yake, shilingi 450 kila siku, Jumapili ikiwemo. Sasa niambie, nani atabembeleza injini na hesabu kama hiyo? Siku ya kwanza nilibeba watu wawili na gunia la viazi, mlima wote kutoka Naiberi, mafuta nimefungua mpaka mwisho.

Mwezi wa tatu ikaanza kutoa moshi wa bluu na kunywa oili. Fundi alipofungua, silinda ilikuwa na mistari kama imekwaruzwa na msumari. "Kijana, hukuizoesha hii kitu," akaniambia.

Iko hivi. Ringi za pistoni na ukuta wa silinda zikiwa mpya bado hazijakaana vizuri. Zinalainishana kilomita mia chache za kwanza. Hapo hutaki mzigo mzito, hutaki kuvuta mafuta yote, na hutaki kukaa spidi moja safari nzima. Ule unga wa chuma unaingia kwenye oili, ndiyo maana oili ya kwanza humwagwa mapema, kama kilomita 500 hivi. Angalia kitabu cha yako. Mimi nilingoja mpaka 2,000 kwa sababu oili ni pesa.

Halafu kuna hii ya huku kwetu. Tuko karibu mita 2,400 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na kina Eliud Kipchoge wanafanyia mazoezi hapa kwa sababu hiyo. Mapafu huzoea, kabureta haizoei. Inamwaga petroli ile ile kwa hewa kidogo, plagi inakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, nguvu inapotea, na wewe unazidi kuvuta. Fundi aliniwekea jeti ndogo, akagusa skrubu kidogo kidogo mpaka plagi ikatoka kahawia. Usipitilize lakini: petroli ikipungua sana, injini inachemka.

Watu husema vijana wa boda hawajui kutunza. Zii, wengi tunajua. Ni hesabu inakataa. Anayekopesha angeanza kudai baada ya wiki mbili, pikipiki ingedumu na yeye angelipwa deni lake lote. Mpaka siku hiyo ifike, usichukue funguo kabla hujaweka kando malipo ya siku 14. Kwangu ilikuwa shilingi 6,300. Kurekebisha injini kulinila zaidi ya hiyo, na deni liliendelea kuhesabu pikipiki ikiwa imelala kwa fundi.

Baada ya silinda kuchongwa na pistoni mpya kuingia, kilomita 500 za kwanza nilienda peke yangu, polepole, mzigo ni kamera tu. Vijana wa steji walinicheka sana. Mama hajawahi kuniuliza habari ya yule mtamba, na hiyo ndiyo inaniuma.

Wewe oili ya kwanza uliimwaga kilomita ngapi? Usinidanganye.