Chokaa Ipo, Lakini Imekufa: Tunza Mawe Yanayolinda Bwawa Lako

Ndugu mfugaji, leo tuzungumze jambo ambalo wafugaji wa mwatiko huku Delta ya Rufiji hulifanya mara moja kisha wakalisahau: chokaa ya kupunguza tindikali kwenye maji ya bwawa.

Kwanza tujue tindikali inatoka wapi. Tope la mikoko lina madini ya chuma na salfa. Likiwa chini ya maji halina madhara. Tukilichimba na kulipandisha kuwa tuta, hewa inalifikia, na salfa ile inageuka kuwa tindikali kali, ileile iliyomo kwenye betri ya gari. Kiangazi chote inajikusanya ndani ya tuta. Mvua za kwanza zikinyesha, inashuka kwa mkupuo. Ndiyo maana samaki wengi hufa mvua zinapoanza.

Dalili zake ni madoa ya njano kwenye udongo uliochimbwa, utando wa rangi ya kutu juu ya maji, na wakati mwingine maji kuwa maangavu kupita kawaida.

Kipo kikundi cha akina mama katika kijiji kimoja cha delta, mwendo wa boti kutoka Nyamisati. Chini ya tuta lao la nyuma walichimba mfereji wa kupokea maji ya mvua kabla hayajaingia bwawani, wakaujaza mawe ya chokaa yaliyopondwa na makombe ya baharini. Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mwaka wa pili, vuli ilipoanza, samaki wakaelea.

Nilipofika, mazungumzo hayakuwa ya samaki tena. Jirani mmoja waliyegombana naye mpaka alikuwa ameonekana jioni karibu na lango la maji. Vijana walikwisha kasirika. Mwenyekiti wa kikundi, mama mtu mzima, aliniitikia shikamoo yangu kisha akasema: "Bwana samaki, chokaa tuliweka, na ipo mpaka leo, njoo uione kwa macho yako. Hii ni sumu ya mtu."

Nikatoa karatasi ya kupimia pH. Juu ya mawe, maji yalisoma 4. Baada ya kupita kwenye mawe, 4 vilevile. Nikaokota jiwe, nje lilikuwa jekundu kama bati lililooza. Tukalipasua, ndani jeupe. Nikaomba siki. Tone juu ya kutu, kimya. Tone kwenye sehemu iliyopasuka, likatoa povu.

Nikaomba jirani aitwe, naye aone. Maji yenye tindikali huja na chuma, na chuma hicho kikikutana na chokaa huganda juu ya jiwe kama koti. Maji yanapita, chokaa imefungiwa ndani. Aliyeua samaki alikuwa tuta lenyewe. Shauri halikufika ofisi ya kijiji, na kwangu hilo lilikuwa kubwa kuliko samaki waliopotea, maana samaki hupandikizwa tena, lakini jina la mtu likishachafuliwa kijijini halisafishiki kirahisi.

Shida hii si ya kwetu pekee. Ulaya nyumba nyingi hupashwa joto kwa boila za gesi zinazopoza moshi wake mpaka mvuke unageuka maji. Maji hayo nayo yana tindikali, hivyo wakati mwingine hupitishwa kwenye kisanduku chenye vipande vya marumaru au mawe ya chokaa kabla ya kumwagwa. Kisanduku hicho nacho hukaguliwa na kujazwa upya, kwa sababu jiwe la chokaa huliwa kadiri linavyofanya kazi.

Basi fanya hivi:

1. Pima pH kabla ya mawe na baada ya mawe, hasa siku ya mvua ya kwanza, kisha kila wiki wakati wa mvua. Vipimo vikilingana na maji bado yana tindikali, mawe yako yamekufa. Kumbuka pH 4 ina tindikali mara 10 ya pH 5.

2. Kabla ya vuli na kabla ya masika, toa mawe, yasugue kwa brashi ngumu, ondoa tope mferejini na ulimwage mbali na bwawa.

3. Jazia yaliyoliwa. Tumia vipande vidogo, kwani vina uso mwingi wa kugusana na maji. Usiweke unga mtupu, utaziba mfereji.

4. Usitupe chokaa iliyochomwa kwenye bwawa lenye samaki. Hupandisha pH ghafla, nayo huua.

5. Usitegemee mawe peke yake. Kabla ya kupandikiza vifaranga, jaza bwawa maji ya bamvua na kuyatoa, mara kadhaa. Maji ya bahari yenyewe hupunguza tindikali.

6. Nyunyizia chokaa ya kilimo kwenye kuta za tuta pia, maana huko ndiko tindikali inakozaliwa.

Ukiona samaki wanaelea, pima maji kwanza kabla ya kumtaja mtu. Karatasi ya pH haina ugomvi na jirani yeyote.