Jifunze Mwenyewe: Uhuru au Kutelekezwa?

Ninapowasikia viongozi wetu wakiwahimiza vijana "wajifunze wenyewe mtandaoni", hujiuliza kama hiyo ni sera ya elimu au ni kunawa mikono.

Fikra yenyewe ina ukoo wa heshima. Mwaka 1971 Ivan Illich alichapisha kitabu Deschooling Society, akidai kwamba shule zimeihodhi elimu. Alipendekeza hata kompyuta itumike kuwakutanisha watu wenye hamu ya kujifunza jambo moja, bila kudaiwa vyeti. Kwake, kikwazo kilikuwa taasisi.

Miaka 4 kabla yake, Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Kwake, aliyepaswa kujitegemea alikuwa jamii nzima, na Serikali ilikuwa na wajibu wake humo. Mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO, ulioanza mwaka 1968, uliihusisha mikoa ya ziwa, ukiwemo huu wetu wa Kagera, wakati huo ukiitwa Ziwa Magharibi. Vitabu vyake vilizungumzia kazi za wasomaji wenyewe: pamba, migomba, uvuvi. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya. Takriban watu milioni 2 walisikiliza redio wakiwa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi aliyepewa mafunzo na kitabu cha Kiswahili. Baada ya mjadala walichimba vyoo.

Sasa mtazame kijana wa Goziba, kisiwa cha wavuvi wilayani Muleba, anayetaka kujifunza kutengeneza injini ya mtumbwi. Video zipo tele. Lakini kifurushi cha intaneti atanunua mwenyewe, Kiingereza cha mfundishaji atakifasiri mwenyewe, na akikwama hana wa kumwuliza. Akishindwa, tutasema hakujituma.

Sipingi kujifunza mtandaoni. Wanafunzi wangu wengi wamenufaika nako. Ninachokataa ni kulitumia neno "kujitegemea" kuuficha wajibu uliotelekezwa. Maofisa elimu ya watu wazima bado wapo katika halmashauri zetu. Wapeni bajeti ya kuanzisha vikundi vya kujifunza kwa simu hata visiwani, kila kimoja kiwe na kiongozi aliyeandaliwa, intaneti iliyolipiwa na masomo ya Kiswahili. Tuliliweza hilo kwa redio za betri, nchi ikiwa maskini kuliko ilivyo leo.