NANI AMEMTIA ROHO, MJOMBA?



Ndugu yangu katika imani, leo sikuletei kisa cha mtu mwingine. Nakuletea kosa langu mwenyewe, huenda likakufaa wewe mwenye watoto nyumbani.

Novemba 2009 nilikuwa Uingereza kumtembelea dada yangu. Jioni moja mpwa wangu, wakati huo ana miaka minane, alikuwa anaangalia The Sarah Jane Adventures, tamthilia ya watoto ya BBC. Kisa cha siku hiyo kiliitwa Mona Lisa's Revenge. Ile picha mashuhuri ya Leonardo da Vinci, ambayo makao yake ni jumba la Louvre mjini Paris, imeletwa London kwenye maonyesho. Mara mwanamke wa pichani anatoka kwenye fremu, anatembea, anasema, na anawafungia watu ndani ya picha. Sababu yake, kwa mujibu wa hadithi yao, ni kwamba rangi iliyotumika ilikuwa na kitu kutoka nje ya dunia.

Mtoto akanigeukia: "Mjomba, nani amemtia roho?"

Wallahi, swali lile lilikuwa mlango wa tawhidi ulioachwa wazi. Nami nikafanya nini? Nikachukua rimoti, nikazima. Nikamwambia picha ni haramu, wachoraji ni watu wa motoni, na asiniulize tena upuuzi. Kisha nikaenda kuswali, nikijiona nimekataza munkari.

Siku ya kuondoka, dada akanionyesha daftari lililofichwa chini ya godoro. Limejaa michoro. Akaniambia, "Kaka, mkono hukuuzuia. Ulichofunga ni mdomo." Kweli, tangu jioni ile mtoto hakuniuliza neno lolote la dini.

Ewe mzazi, nifahamu vizuri. Sibadilishi hukumu. Mtume (s.a.w.) ametuonya kuhusu wanaotengeneza sura za viumbe, kwamba Siku ya Kiyama wataambiwa wavitie uhai, na hawataweza. Wanazuoni wamelieleza hilo kwa upana wake. Lakini tazama: jibu la mtoto lilikuwa humo humo ndani ya hadithi! Hakuna aliyemtia roho, mwanangu, kwa sababu hakuna awezaye isipokuwa Allah. Rangi ni rangi, hata itoke nyota gani. Ilinitosha kusema hayo, nikampakata, tukaendelea na mazungumzo.

Na Mtume wetu alifanyaje? Aliona vinyago vya kuchezea vya Bibi Aisha (r.a.), kati yake farasi mwenye mbawa. Akamuuliza, farasi ana mbawa? Bibi Aisha akajibu kwamba farasi wa Nabii Sulaiman walikuwa nazo. Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Aliuliza, akasikiliza, akacheka. Mimi nilizima.

Baadaye nilikitazama kisa kile chote. Kinaanza na mama na mwanawe kugombana kuhusu chumba kisichopangwa. Kisha mama anafungiwa ndani ya picha, na mtoto amebaki nje, hawezi kusema naye. Nikajiona mimi na mpwa wangu.

Nikampigia simu, nikamwomba msamaha. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mjomba, basi naweza kukuuliza kitu kingine?" Nikalia.

Ndugu yangu, mtoto akikuuliza swali mbele ya televisheni, punguza sauti ya televisheni, usipandishe yako. Ukimfukuza na swali lake, atalipeleka kwa mtu mwingine, na hujui huyo atamjibu nini.

Ewe Mola wetu, tujaalie wana wetu wawe kitulizo cha macho yetu, na utupe ndimi laini kwao. Amin.

Wallahu a'lam.